Mume Mchukue, Nyumba Inabaki

Juzi nilikuwa barazani kwa akida kwa shida yangu, lakini masikio nayo yalijitafutia kazi. Aliletwa kibarua wa reli, jirani yangu wa huku Bigwa, ambako tumejenga wengi kwa kuwa viwanja vya mjini havishikiki. Kila alfajiri hutembea hadi stesheni.

"Unachelewa kazini," akida alimwambia. "Bomoa nyumba yako, uhamie kambi ya vibarua."

Jirani akajikuna shingo. "Nyumba si yangu, bwana. Mimi nimeoa tu pale. Ardhi ni ya ukoo wa mke wangu."

Akida, mtu wa pwani asiyejua kwamba kwetu ardhi na nyumba hurithiwa upande wa mama, akacheka. "Mwanamume mzima huna nyumba?"

Mkewe alikuwa mlangoni na tenga la mboga kichwani. Hakulitua. "Shikamoo, bwana akida. Huyo mume mchukue ukamlaze kambini. Nyumba ya mama yangu haibomolewi."

Askari aliyemleta mume akatazama paa. Akida akaita mwenye shida mwingine.

Jioni nilimwona yule mume Bigwa, anakula ugali mlangoni kwa mkewe. Basi anayetaka kutuhamisha asihangaike na waume zetu. Aje atuulize sisi wanawake, wenye nyumba; tupo nyumbani, wala hatuna haraka.