Mama wa Gobore

Kila mgeni aliyefika kwenye ngome ya zamani ya Wajerumani, ambayo sasa ni makumbusho, alikabidhiwa gobore na mama mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu. Kwanza alilifuta kwa kitambaa chenye mafuta, kisha akalilaza mikononi mwa mgeni kama anayempakata mtoto mchanga. "Taratibu, lina uzito," alisema, akivikunja vidole vya mgeni kimoja kimoja mahali pake. Mtutu aliuelekeza ukutani siku zote, ingawa gobore lenyewe halikuwahi kutiwa baruti tangu enzi za babu zetu.

Miaka ile watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu, walifika wachimbaji wawili wa machimbo ya Kewanja, wamenuniana kwa ajili ya shimo walilokuwa wakiligombania. Mmoja alipopewa gobore, alimgeukia mwenzake akamlenga kifuani, na wala hakucheka. Mama akaenda kusimama katikati yao, mtutu ukamgusa shingoni.

"Lishushe, mwanangu."

"Mama, si halina risasi?"

"Halina. Lakini mwenzako ameshauona uso wako."

Kijana akalishusha, akasema, "Nisamehe, Anold." Wakaondoka pamoja, wakiongea Kikurya.

Mimi niliyekuwa nikiuza chai pale mlangoni nilimpelekea mama kikombe. Alikiweka kando bila kunywa. "Naliogopa hili dude," akaninong'oneza, akicheka huku machozi yakimtoka. "Tangu siku ya kwanza nilipoajiriwa, naliogopa. Usiwaambie wageni."