Susu, Mungu na Benchi ya Nyuma

Juzi nilikuwa soko ya mji wa Wote kununua mbaazi, na karibu na wauza nyanya kulikuwa na kijana anahubiri na spika. Akasema Mungu ni mwanaume wa vita, hasikii uchungu, halii, hana moyo ya kike. Wewe unanijua. Nilimwachia mama wa mbaazi mfuko wangu nikaenda kusimama mbele yake. "Ni nani alikuambia?" Akanijibu, "Dada, tulia, hii ni Neno." Mimi, nitulie! Watu wakacheka, nikarudi kwa mbaazi yangu na hasira. Na haikuwa hasira peke yake. Ni susu alikuwa amenijia.

Susu ni nyanya yangu, mama ya mama, ndiye alinilea huko Kitui, upande wa Kabati. Nyumba yake ilinukia moshi na muthokoi, yale mahindi tulitwanga kwenye kinu mpaka maganda yatoke, halafu yakapikwa na maharagwe hadi unachoka kungoja. Asubuhi tulishuka mtoni. Mto wetu ni mchanga tu, maji iko chini, lazima uchimbe. Kina mama walichimba pamoja, mmoja ndani ya shimo, wengine wanapokea mchanga na karai, nyimbo zikipaa. Hiyo kufanya kazi pamoja tunaiita mwethya. Leo shamba ya huyu, kesho ya yule. Susu alikuwa anasema, "Mtu hachimbi peke yake, mchanga utamzika."

Kiangazi moja mbaya, jirani yetu akapoteza mtoto. Kalikuwa kameanza tu kuota meno. Homa ilikashika, na kabla gari ya kwenda hospitali ipatikane, kakaenda. Pale kaburini mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa na koti hata jua likiwaka aje, akamwambia yule mama anyamaze. "Mungu ni Baba, na baba halii mbele ya watu. Kazi yake haina makosa. Pangusa macho."

Akanyamaza kweli. Lakini mkono wake ulikuwa umeenda nyuma, unapapasa mgongo, pale mtoto alikuwa anafungwa na leso. Nilimwona. Susu pia alimwona.

Susu ndiye alikuwa kiongozi wa maombi wa kina mama, kwa hivyo akaambiwa afunge mazishi na maombi. Akasema, "Mungu Mama yetu, wewe pia leo umefungua leso. Mgongo yako iko baridi kama ya huyu. Lia, tuko na wewe."

Jirani akalia, kile kilio kinatoka tumboni, kina mama wakamshika. Mzee akafunga Bibilia yake, paa!

Sasa kanisani kwetu ukikosea unawekwa benchi ya nyuma. Huombi, huongozi wimbo, meza ya Bwana inakupita, mpaka usimame mbele ya watu useme nimekosa. Ilikuwa benchi ya walevi. Susu yangu akawekwa hapo! Kisha wazee wakamjia nyumbani, wakakula muthokoi yake wakaongezwa, ndipo yule mzee akasema, "Mwaitu, mama yetu, sema tu ulichanganywa na uchungu. Neno moja, urudi mbele."

"Sikuchanganywa."

"Sasa Mungu ni mama?"

"Yesu alijiita kuku anayekusanya vifaranga, na hukumweka nyuma."

Mzee mwingine akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na Mungu anayeumwa atatusaidia aje?"

"Asiyeumwa ndiye sijui atatusaidia aje. Na nikisema nimekosa, huyu jirani nitamwambia nini? Ati siku ile alilia peke yake?"

Mimi nikaropoka, "Na mmemaliza chakula yake!" Susu akanifukuza nje. Wageni ni wageni.

Jumapili nikakaa na yeye nyuma, nimekunja uso. Jirani alikuwa hajakanyaga kanisa tangu mazishi. Siku hiyo akaja, akasimama mlangoni, akatuona, akaketi na sisi. Jumapili iliyofuata wakaja wawili wa mwethya. Halafu wengine. Mzee alikuwa amesahau hao ni watu gani: ukiweka mmoja ndani ya shimo, wote watakuja kupokea mchanga. Mwisho akaja bibi yake mwenyewe, akampita bwanake na stuli kichwani, akaiweka nyuma kabisa.

Pasta alikuwa anatufikia mara moja moja kuleta meza ya Bwana. Akaingia, akaona mbele hakuna mtu, nyuma tumebanana kama mbuzi kwenye lori ya kwenda Mwingi. "Kwani huku mbele kunanyesha?" Mzee anaangalia viatu. Pasta akashika meza upande mmoja, akamwambia, "Mzee, shika huko." Wakaibeba mpaka nyuma. "Hiyo maneno ya Mungu na mama tutaketi tuiongee," akasema. Hawajaketi mpaka wa leo. Lakini susu alipewa mkate, na jirani kando yake akaimba, sauti imekwaruza, akaimba.

Susu hayuko tena. Kanisa ina sakafu ya kung'aa na viti vya plastiki, kila mtu na chake, hata mtu hawezi kukusongea. Maji inatoka kwa mfereji. Kila mama na mtungi wake, hakuna kuimba. Sikudanganyi, mfereji ni baraka. Lakini zile nyimbo za shimoni nikizitafuta kichwani napata nusu nusu.

Nimejisomea mambo haya mwenyewe. Kuna wasomi wanasema Mungu haumwi, kwa sababu anayeumwa anaweza kushindwa. Nawaelewa. Hawakuwa pale kaburini.

Jumamosi nikampelekea yule jirani wa susu mbaazi. Nikamkuta anapepeta mahindi, mjukuu amelala mgongoni, leso imekaza. Nikamwambia kuhusu kijana wa spika, nikapandisha sauti, akaweka kidole kwa mdomo: mtoto amelala. Halafu akacheka polepole.

"Mwache," akasema. "Huyo bado hajabeba mtu."