Siku Nyogokuru Aliponifanya Mvulana

Nilipokuwa mtoto, barabara yetu ya Rwezamenyo, mjini Kigali, ilikuwa na televisheni moja tu, ya Mzee Ramadhani muuza vitambaa, na sisi watoto tuliihesabu kuwa yetu. Nchi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kurusha matangazo, tena kwa saa chache, kwa hiyo hatukuwa wachaguzi. Tulitazama habari, tulitazama hotuba tusizozielewa, tulitazama hata ile michirizi iliyokuja kabla ya kipindi cha kwanza, tumejipanga mkekani kimya kabisa. Mke wa mzee, Mama Sauda, alitutaka jambo moja tu, tunawe miguu bombani kabla ya kuingia. Kwa ajili ya televisheni ningenawa hata mgongo.

Sasa fikiria nilivyokuwa niliposikia kwamba mama yangu mwenyewe ataonekana humo ndani.

Mama alikuwa fundi cherehani. Baba alifariki kabla sijamjua vizuri, na mama alinilea kwa cherehani yake pale kibarazani, mkabala na kwa Mzee Ramadhani. Jumapili alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, na katika wimbo wa Pasaka ya mwaka 1993 alikuwa na ubeti aliouimba peke yake. Watu wa televisheni walikuja kanisani na kamera yao, wakarekodi kwaya nzima, wakaondoka bila kusema lolote la maana. Baada ya siku kadhaa likaja neno kwamba Jumapili jioni kwaya itaonyeshwa. Mama alijifanya hajali. Lakini wateja wote waliokuja kuchukua nguo walijua siku na saa, na mmoja alirudishiwa gauni limeshonwa mkono mmoja ndani nje.

Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa mama, alishuka kutoka kijijini kwake Ndera Jumamosi kwa pikapu ya wauza ndizi. Alikuja na kibuyu cha maziwa, na mshanana wake wa harusi, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, umekunjwa ndani ya mfuko. Mama akamwuliza mshanana wa nini.

"Nitakaaje mbele ya watu wa heshima na nguo ya shamba?" akasema.

"Mama, wao hawakuoni. Wewe ndiye unayewaona."

Nyogokuru akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea haya mwanawe. Mshanana ukavaliwa.

Niseme jambo moja kuhusu bibi huyu. Hakujua Kiswahili, na maneno yake nayatafsiri kutoka Kinyarwanda. Alikuwa mkatoliki wa misa ya alfajiri, lakini chini ya rozari alikuwa na sheria nyingine, za zamani zaidi, na zote zilianza kwa neno moja: *kirazira*. Ni mwiko. Ni mwiko kukalia kinu. Ni mwiko msichana kupiga mluzi. Ni mwiko mwanamke kula nyama ya mbuzi, asije akaota ndevu, na hapo ujue tuliishi mtaa ambao kila jioni moshi wa mishikaki ya mbuzi ulituingia mpaka kitandani. Na mkubwa kuliko yote, ni mwiko mwanamke au msichana kupanda juu ya paa la nyumba. Akipanda, mwenye nyumba hamalizi mwaka.

Jumapili hiyo ilikuwa na mechi kubwa. Wanaume wote wa mtaa na kila mvulana mwenye miguu walikuwa wameteremkia uwanjani tangu mchana, na kelele zao zilitufikia kwa mawimbi. Kwa Mzee Ramadhani tulibaki sisi wanawake, wasichana, watoto wa mgongoni, na mzee mwenyewe, ambaye mpira haukumhusu. Sebule ilijaa, wengine wakachungulia dirishani. Nyogokuru aliwekwa kiti cha mbele kabisa, mshanana umetulia begani, na mama akakaa chini karibu yake akichezea vidole. Mimi nilikuwa sikai. Nilikuwa nazunguka tu, namwambia kila anayeingia, "Mama yangu iko nakuja sasa hivi!"

Mtangazaji akatokea. Akasema baada ya habari itafuata kwaya. Sebule nzima ikashusha pumzi.

Ndipo tuliposikia kishindo juu ya bati, na televisheni ikageuka chenga tupu.

Tulitoka nje mbio. Mwewe, wale wakubwa wanaozunguka juu ya Kigali wakitafuta utumbo wa machinjioni, alikuwa ametua juu ya antena. Antena yenyewe ilifungwa kwenye mti wa mwanzi kwa waya, na mwanzi ulikuwa umelala upande, ukielekea Kongo. Mwewe alitutazama, hakuona sababu ya kuondoka.

"Ngazi!" mama akapiga kelele. "Muzee, panda!"

"Nani, mimi?" Mzee Ramadhani akarudi nyuma hatua nzima. "Hiyo bati iko kuukuu. Mwaka jana nilipanda, mguu ikatokea jikoni. Uliza Mama Sauda."

Mama Sauda hakungoja kuulizwa. "Ilining'inia juu ya sufuria ya pilau! Mutu mukubwa hapana panda pale. Labda mutoto."

Watoto wa kiume wote walikuwa mpirani. Wakabaki wasichana, na katika wasichana kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akiteremshwa kila siku kutoka kwenye mti wa parachichi wa jirani. Sikuwahi kufurahi vile kwa kugeukiwa na macho ya watu. Nilikuwa tayari nimeshika ngazi.

"Vestine! Kirazira!"

Nyogokuru alikuwa ametoka, mshanana ameukusanya mkononi. Alijipenyeza kati yangu na ngazi, akaieleza hadhara ile, kwa Kinyarwanda cha taratibu ili hata Waislamu waelewe, kitu gani humpata mwenye nyumba msichana akikanyaga paa lake.

Mzee Ramadhani akacheka. "Nyogokuru, usiogope. Mimi iko Muisilamu. Hiyo haiwezi kunikuta."

Mama Sauda akamtafsiria. Nyogokuru akatikisa kichwa. "Mwiko hauulizi mtu anasali wapi. Mimi nimekuja kula furaha kwa watu, sikuja kuacha msiba."

Kutoka ndani, katikati ya zile chenga, sauti ya mtangazaji ilikuwa bado inasikika. Habari zilikuwa zinaisha. Mama akajifuta mikono kwenye kitenge. "Basi, mama," akamwambia Nyogokuru. "Tutawasikia sauti. Inatosha." Nami niliijua sauti ile ya mama. Ndiyo aliyoitumia mteja aliposhindwa kulipa na yeye akasema si kitu.

Nyogokuru pia aliijua. Alimtazama binti yake, akatazama paa, akatazama kamba ya nguo ya Mama Sauda. Kwenye kamba kulikuwa na kaptura ya shule ya mvulana. Akaenda, akaitwaa, mbichi vilevile.

"Vaa."

Nikavaa juu ya gauni, gauni likachomekwa ndani. Akamgeukia Mzee Ramadhani, akamvua kofia yake ya kitambaa bila hata kuomba, akanivika mpaka masikioni. Kisha akanishika mabega, akawatangazia wote kwa sauti aliyokuwa akiwaitia ng'ombe kule Ndera:

"Huyu ni Gahungu. Ni mvulana. Hapa hakuna Vestine. Atakayeita jina lingine wakati mwanangu yuko juu, amemuua mwenye nyumba kwa mdomo wake."

Gahungu maana yake ni mvulana mdogo, basi. Kicheko kilichopigwa pale, nadhani uwanjani walidhani tumefunga bao sisi. Mzee Ramadhani alicheka mpaka akashika ukuta, lakini niliona kwamba alikuwa wa kwanza kusema, "Haya, wote musikie, iko Gahungu! Gahungu, panda, mwanangu!"

Nikapanda. Bati lilikuwa la moto na lilinung'unika kila nilipoweka goti. Nilitambaa juu ya misumari, pale ambapo kuna mbao chini yake, na kutoka juu nikaona mabati yote ya Rwezamenyo yakiteremka bondeni, na mji ng'ambo, na anga kubwa sana. Sikuwa nimewahi kuwa juu hivyo. Wavulana kumbe huona vitu hivi kila siku, nikawaza, na tena wanachagua kwenda kwenye mpira!

Mwewe alinisubiri mpaka nikawa karibu, halafu akaruka akinipitia usoni. Mguu ukateleza. Chini wakapiga yowe, na katikati ya yowe nikasikia sauti ya mama, "Vesti—" na ikakatika papo hapo. Nilijua bila kugeuka kwamba Nyogokuru alikuwa amemziba mdomo.

"Gahunguuu!" mama akamalizia, kwa sauti ya kulia.

Nikaushika mwanzi, nikausimamisha.

"Kushoto!" wakapokezana kutoka sebuleni hadi dirishani hadi uani. "Kushoto, Gahungu! Hapana, umepitisha! Rudisha! Iko! Iko! Imepotea! Rudisha kidogo! Hapo! Hapo hapo! Usiguse!"

Nikaachia. "Imepotea!" Nikashika tena. "Hapo!" Ikawa wazi kwa wote, na kwangu pia, kwamba picha inakaa tu nikiwa nimeushika mwanzi ule kwa mikono miwili. Hakukuwa na muda wa kutafuta waya. Niliwasikia wote wakikimbilia ndani, viti vikigongana, na ua ukawa kimya.

Kwaya ikaanza. Wimbo ulipanda kupitia kwenye bati, nikausikia kwa magoti kabla ya masikio. Nilikuwa nimeupa ua mgongo, uso wangu uko kwenye mwanzi, jasho linaniingia machoni, na sikuthubutu hata kujikuna. Kisha kwaya ikatulia, na sauti moja ikatoka peke yake. Ilikuwa ya mama. Ilikuwa nyembamba kuliko nyumbani, lakini ilikuwa yake, na ilikuwa inatoka kwenye nyumba ya watu, chini ya miguu yangu, na nchi nzima inaisikia. Nililia kwa furaha. Nasema wazi, sijawahi kufurahi vile tangu siku hiyo, na nimefunga ndoa na nimezaa.

Halafu nikamsikia Nyogokuru akiijibu televisheni. "Komera, mwana wanjye!" alikuwa anapaza sauti, yaani jipe moyo, mwanangu. "Nipo hapa! Nimekuja!"

Wimbo ulipokwisha wakapiga vigelegele mpaka watoto wa mgongoni wakaamka. Nikaachia mwanzi, nikateremka. Mama alikuwa tayari chini ya ngazi, akanipokea kabla sijafika mwisho, akanibana mpaka kofia ikadondoka.

"Ulionekanaje?" nikamwuliza. "Niambie, ulionekanaje?"

"Nilionekana vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Nyogokuru akanivua kaptura, akairudisha kwenye kamba. "Vestine," akaniita, na hivyo nikawa msichana tena. Wanaume waliporudi kutoka uwanjani, walisimuliwa na kila mtu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuwauliza mechi iliishaje.

Aprili iliyofuata, ile ya mauaji, nina mahali pengine pa kuisimulia. Hapa nitasema tu kwamba mama hakuivuka, na Nyogokuru hakuivuka kule Ndera, na mimi nilifichwa na Mama Sauda nyumbani kwake, akanilea pamoja na wanawe.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na binti wa umri huo hutafuta sababu. Kwa muda mrefu nililala nikijiuliza kama ni mimi, kama ile kaptura haikutosha, kama ile "Vesti—" ya mama ilisikika na yeyote anayetunza miko. Leo najua hesabu hiyo haikuwa na maana hata kwa sheria za Nyogokuru. Aliyetakiwa kufa ni mwenye nyumba, na Mzee Ramadhani alizeeka mpaka akachoka, akafa kitandani akiwa ameshika mkono wa mjukuu. Waliotuua walikuwa wamesimama ardhini, na hawakuogopa mwiko wowote. Bibi yangu aliyeogopa miko yote alipindisha mmoja tu maishani mwake ninaoujua mimi, tena kwa adabu, kwa kuhakikisha kwanza kwamba jirani hataumia.

Nilibaki na uchungu mmoja mdogo ambao niliuonea aibu mbele ya ule mkubwa. Mtaa mzima ulimwona mama yangu akiimba, isipokuwa mimi. Picha yake siku hiyo sikuwa nayo. Juzi nilikwenda kumsalimia Mama Sauda, sasa ni bibi kabisa, tumekaa tunachambua maharage, nikamwomba anieleze mama alivyoonekana kwenye televisheni. Alikuwa amevaa nini? Alikuwa anatabasamu?

Mama Sauda akaeleza gauni, akaeleza kola, akaeleza alivyoinua kidevu. Kisha akasimamisha mikono.

"Lakini yeye mwenyewe hakujiona," akasema. "Hukujua? Tulipokimbia ndani, nikamuita, 'Njoo, unapita sasa!' Akakataa. Alifungua kitenge chake, akakitandaza kwa mikono miwili akudake, akasimama pale uani chini yako. Ulipojisogeza, anajisogeza. Wimbo mzima. Hakutoa macho kwako hata kidogo."