Mama Mkwe Mlangoni

Haya ninayotaka kusimulia hamtayaamini, na sitawalazimisha. Nimeyasimulia pale kijiweni Shanwe wakaniambia nikalale. Lakini ni kweli tupu, maana yanamhusu mpwa wangu Theopista, na mpwa wangu akili karithi kwa mjomba wake. Tofauti ni kwamba yeye alisoma mpaka akawa muuguzi wa afya ya akili, na mimi shule niliiacha mapema, walimu wasije wakaona aibu.

Kazi yake ni kupima wagonjwa wa akili katika kituo kimoja cha afya hapa Mpanda. Jina la kituo nalimeza. Msidhani anapima kwa mashine. Anapima kwa macho na maswali: unalala? Unakula? Unasikia sauti ambazo wenzako hawasikii? Viti, meza na masikio, basi.

Asubuhi moja akaletewa kijana wa Kisukuma kutoka Litapunga, anaitwa Mwandu, mikono imefungwa kamba ya ng'ombe. Waliomleta ni shemeji yake Luhende na mama mkwe wake, kwa kuwa ndugu zake wa damu wako mbali na mkewe ametoka kujifungua. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, zizi zima likabaki kinyesi kikavu. Tangu hapo hali, halali, anashinda kajiinamia. Nyumbani walishaamua karogwa, na mganga alikuwa anawasubiri. Kituoni walipita tu kwa sababu mke alilia sana.

"Mfungueni," Theopista alisema. Wakamfungua.

Akamsalimia kwa Kisukuma chake cha kuokoteza: "Mwangaluka, kaka." Kimya. Akamuuliza jina, kimya. Mwandu aligeukia ukutani, akajifunika kichwani shuka alilojitanda. Mama mkwe naye alisimama mlangoni, kageuzia mgongo ndani, kanga hadi usoni, akijibia uani kila swali la mgonjwa: "Hali huyo. Halali huyo."

Theopista kwa kabila ni Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alitazama ule mgongo akasema moyoni: mama huyu anamwonea aibu mgonjwa wake. Akamtazama na kijana: haongei, hatazami mtu, labda kuna sauti anazisikiliza. Alikuwa ameshaanza kuwaza sindano ya kumtuliza.

Simu ya mama mkwe ikalia. Akatoka kuipokea getini, kwenye mtandao. Mwandu akafunua shuka.

"Sista, naomba maji."

"Kumbe unasema!"

"Ningesemaje na mkwe wangu kasimama hapo?"

Luhende akacheka mpaka akashika ukuta. "Sista na wewe! Kwetu mtu hamwagi mambo yake mbele ya mama mkwe. Hata kumtazama hatumtazami."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani nyie wapima akili mnajua kila kitu."

Theopista alimpa Mwandu maji, akamtuma Luhende getini amshikilie mama kwa maongezi, akafunga mlango na kuanza upya, kana kwamba mgonjwa ndiyo kwanza anaingia. Mwandu alimweleza habari za ng'ombe mmoja mmoja, kwa majina. Theopista akamwachia mpaka alipokwisha, kisha akauliza lile swali ambalo wengi wetu tunaliogopa.

"Mwandu, umewaza kujiua?"

"Kila siku, Sista. Jana nilikuwa nimeshakwenda porini. Mkwe akanifuata. Akanishika mkono."

"Yeye mwenyewe?"

"Kwa mkono wake, na kwetu kugusana na mkwe ni mwiko. Ndiyo maana siwezi kuinua uso."

Mpwa wangu anasema hapo ndipo alipouelewa ule mgongo: ulikuwa heshima, si aibu. Hakumchoma sindano. Akamwita daktari, Mwandu akapewa kitanda na mtu wa kukaa naye, halafu dawa na maongezi, polepole. Kwa mganga hakupelekwa. Siku ileile Theopista akaenda getini.

"Mama, asante. Umemwokoa."

"Mimi? Nimemshika tu asiende." Mama akafuta macho kwa kanga. "Ni mwanangu huyo, Sista, japo simtazami. Asante wewe uliyemsemesha."

Nasi katika ukoo mpaka leo tunamshukuru Mungu kwa ile simu.

Baada ya mavuno Mwandu akarudi kushukuru, kanenepa, mtoto mkononi, na mkwe nyuma yake kwa mbali. Na shukrani yenyewe sasa! Litapunga nzima ilihamia mjini, ngoma mbele, magunia ya mchele yamejaza malori, Theopista kabebwa juujuu mji mzima, hata viboko kule Sitalike wakatoka majini waka—

"Mjomba!" Theopista mwenyewe kanikatiza. "Alileta kapu la michembe, viazi vikavu kama hivyo unavyovitafuna hapo. Tukala wote, tukalia kidogo. Hao viboko umewatoa wapi?"