Zamu ya Mwisho Kisimani

Kijiji chenyewe silitaji jina. Kipo huku pwani ya Waarabu, mbele ya Sidab, ukipita jabali, na wajukuu wa watu wake leo ni watu wazito, wana maofisi na madereva, sitaki wanijie mlangoni. Mie sikusoma. Nilikhitimu msahafu, nikakaa darasa tatu za skuli Unguja, basi. Lakini kiburi nnakijua nikikiona, na kiburi cha kijiji cha nyumba ishirini na tatu sijakiona mfano wake tena.

Tulifika mwaka wa sitini na tano, mwaka mmoja baada ya yale ya Unguja. Mume wangu alikuwa hajakitia jicho kijiji hicho maisha yake. Aliyekijua ni babu yake, aliyetoka hapo kijana akenda Unguja kutafuta karafuu. Lakini ungemsikia mume wangu melini! "Kwetu," akisema, "kuna kisima amekichimba babu yangu, maji yake sukari." Nami nna mtoto mchanga wa kike kifuani, maziwa yamenikauka kwa safari na khofu, nikamwamini. Ningefanyaje?

Huko kwao kwenyewe kulikuwa na vibanda vya makuti ya mtende, nyumba mbili tatu za udongo, na harufu. Dagaa, mwanangu! Wameanikwa ufuoni toka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho, na si wa watu, wa ng'ombe. Ng'ombe wa huko wakila dagaa. Mtu akikwambia utamwona mwendawazimu, lakini mie maziwa ya ng'ombe hao nimeyaonja, mara moja, yamenitosha mpaka leo. Kwa hivyo mtoto akawa anakunywa maziwa ya unga ya kopo, tukiyanunua Matrah, na maziwa ya unga yanataka maji.

Kisima kilikuwa kimoja. Maji matamu yakikaa juu, membamba, na chini yake chumvi ya bahari. Usiku kikijaa. Asubuhi nyumba ya kwanza ikipata matamu, ya kumi ikipata ya kuvumilika, na ukifika wa ishirini unateka bahari. Kulikuwa na zamu basi, lakini zamu haikwenda kwa kuwahi. Ungelala palepale kisimani, bado ungesubiri. Ilikwenda kwa tarikhi. Nyumba iliyoingia kijijini mwanzo ikiteka mwanzo, na kila mwanamke akiijua nafasi yake kama anavyolijua jina la mamake. Watu wengine tarikhi yao wameitia vitabuni. Wale waliitia kwenye ndoo.

Ya kwanza ilikuwa nyumba ya mkubwa wa kijiji. Yeye akihadithia kwamba babu wa babu yake alifika pale ana kiu, akapiga fimbo chini, maji yakabubujika. Fimbo! Kisima kina chake kimo cha wanaume sita, kimechongwa ndani ya jabali, kimetoka kwa fimbo. Na watu wazima na ndevu zao wamekaa wanaitikia naam, naam.

Mie nikawekwa wa mwisho kabisa. Mke wa mkubwa, mnene, na dhahabu puani, akanitazama mie na mtungi wangu.

"Hawa Waswahili," akawaambia wenziwe kwa Kiarabu, akidhani sifahamu, "wamekuja na vitanda na makabati. Kisima wamekisahau huko?"

"Hakikuingia melini, bibi," nikamjibu kwa Kiarabu changu kibovu.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo aliyekuwa mbele yangu, mama mmoja mtu mzima, akageuka akanisemesha Kiswahili. Nilishtuka! Kiswahili cha zamani, cha maneno ambayo mie niliyasikia kwa bibi yangu tu. Bibi yake yeye alitekwa Mrima akaletwa kuuzwa huku, na lugha ikabaki nyumbani kwao.

"Usiwachekeshe, mwanangu," akasema. "Wakicheka hawateki, na jua linapanda."

Mtoto akaanza kuharisha. Kila nikimkorogea maziwa kwa maji yale, akitapika. Siku ya kumi macho yamezama na utosi umebonyea. Nikavuka naye mpaka kwa daktari Matrah, akamtazama, akaonja tone la maji niliyochukua kwenye chupa, akasema, "Ukiendelea kumpa haya utamzika."

Mume wangu akenda sabla, baraza yao wanaume. Akachukua nasaba yake, imeandikwa wino mwekundu na mweusi, imekunjwa ndani ya bati la biskuti. Alirudi nalo vilevile.

"Wanasemaje?"

"Wanasema karatasi imeandikwa Unguja, kisima kiko hapa. Na anayehama zamu yake hufungwa."

"Hukuwaambia mtoto anakufa?"

"Nimewaambia. Mkubwa akasema Mungu atampa umri, nende nikalete shahidi wa kisima."

Shahidi! Waliochimba wote wamo makaburini. Asubuhi yake nikasimama kwenye foleni nalia, sina haya, na yule mama akaniuliza nna nini. Nikamweleza.

"Mumeo anasema kisima kachimba nani?"

"Babu yake."

"Babu yake ndiye aliyechimbisha, kweli. Akikaa kivulini, anakula tende. Aliyechimba ni babu yangu mie." Akafikiri. "Na hao bado wanasema fimbo?"

"Fimbo."

Akaweka ndoo chini, akaondoka. Mwanamke haingii sabla, na mwanamke wa asili yake ndiyo kabisa, lakini alisimama mlangoni akasema kwa sauti. Mume wangu alikuwepo, ndiye aliyenihadithia.

"Kisima alichimbisha babu yake huyu, akachimba babu yangu mie. Shukeni mkatazame! Vidato vya kukanyagia vinaanza upande wa bahari. Ukishuka kimo cha watu wanne, vinahamia upande wa mlima, kwa kuwa hapo babu yangu alikuta jiwe limemshinda. Fimbo ingepita moja kwa moja."

Na katika wao hakuna aliyewahi kushuka. Hao wenye kisima! Kisima kikitaka kusafishwa, walikuwa wakishushwa kakake yule mama na babake. Wakamfunga mvuvi mmoja kamba, wakamteremsha, kijiji kizima kimeinama juu ya shimo. Sauti ikatoka huko chini:

"Vimehama! Wallahi vimehama!"

Mkubwa akachezea ndevu zake, kisha akahukumu. Nyumba ya mume wangu iwe ya tatu. Ya kwanza haiwezekani, fimbo haiwezi kushindwa kabisa na vidato, lakini ya tatu wakampa.

Kesho yake niliteka maji matamu. Baada ya siku nne mtoto akashika chupa kwa mikono yake miwili. Nilisujudu palepale jikoni.

Mume wangu naye akawa mtu. Kila jioni sabla, na mie nikimsikia nyuma ya ukuta: "Babu yangu alipokichimba kile kisima..."

Aliporudi nikamwambia, "Mbona hulitaji jina la babu yake yule mama?"

"Maneno tu hayo. Watu wanajua."

"Hakuna aliyejua mpaka alipowaambia."

"Mtoto anakunywa, hanywi?"

"Anakunywa."

"Basi."

Asubuhi moja nimeshika ndoo, nikatazama nyuma, ndipo nilipoona. Mwanzo yule mama alikuwa na mtu nyuma yake, nilikuwa mie. Sasa hana. Tumepanda juu sisi, na kila nyumba tuliyoipita imeshuka hatua moja, na yeye ndiye mkia. Ushahidi wake ulimtoa kwenye maji ya chumvi ukampa ya chumvi zaidi.

Nikampelekea mtungi wa maji yangu, nimeubeba kichwani mwenyewe. Hakuupokea.

"Maji ya nyumba ya ngapi haya?"

"Ya tatu."

"Na nyumba yangu mie ya ngapi?"

"Ya kwanza, mama. Wallahi ya kwanza. Mie nnajua."

"Mie sikukusemea wewe," akasema. "Mtoto nilimhurumia, lakini pale mlangoni nilimsemea babu yangu. Atajwe na watu wale, mara moja tu. Basi hayo unayoniambia mie hapa, kayaseme kisimani."

Nikasema nitayasema.

Nikenda kesho yake nimejitayarisha, Kiarabu changu nimekipanga toka alfajiri. Wote wapo. Mke wa mkubwa ameteka, wa pili ameteka. Kamba ikanijia mkononi. Siku hizo alikuwa akinisalimu, yule mnene, akiniuliza mtoto hajambo, na siku ile akaniuliza. Nikasema hajambo. Huko mwisho yule mama ameegemea ndoo yake, ananitazama.

Nikajaza mtungi wangu, nikampisha wa nne.