Nilipiga picha na kitenge, wakasema nimekubali kuolewa

Admin, naomba usiweke jina langu wala la chuo changu. Watu wa kwetu wanaipitia sana page yako, na kati yao kuna mmoja ninayemwogopa.

Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili chuo kikuu. Nyumbani ni Kibondo, ndani ndani huko upande wa Mabamba, gari likikushusha unamalizia na bodaboda. Baba analima maharage na ndizi. Nina mdogo wangu mmoja wa kike, ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Siku hizi nashuku kila kitu jamani, hata mtu akinisalimia najiuliza anataka nini. Nivumilieni, nitaeleza mpaka mtaelewa.

Mwanzoni mwa semesta shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwetu tunamwita masenge, alinitumia mzigo kwa basi. Kulikuwa na dagaa, unga wa muhogo na kitenge cha njano kimeshashonwa gauni. Akanipigia: "Mwana wanje, mwanangu, kivae nikuone. Nitumie picha nijue kama fundi hakukosea." Nani angekataa? Nikavaa, rumeti wangu akanipiga picha nje ya hosteli, meno yote nje. Shangazi akajibu: "Kimekukaa. Mungu akubariki."

Wiki mbili baadaye binamu yangu aliyeko Kasulu akapiga anacheka. "Hongera dada! Shemeji anatuonyesha picha yako dukani kwake." Nikamuuliza shemeji gani. Akaacha kucheka, akasema, "Kwani hukuambiwa?"

Kumbe kitenge hakikuwa cha shangazi. Kilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu mjini, mwanaume wa miaka arobaini na kitu aliyefiwa na mke, ndiye anayenunua maharage ya baba kila msimu. Katika ukoo wetu mposaji hutuma nguo kupitia shangazi. Binti asipotaka, anairudisha imekunjwa kama ilivyokuja. Akiivaa, amekubali. Zamani alivaa mbele ya wazee wakamwona kwa macho yao, siku hizi picha inatosha. Wazee walikaa kwetu, wakapitishiana simu, wakanywa pombe ya ndizi, wakaondoka. Mimi wakati huo niko zangu darasani.

Nilimpigia baba nikamwambia sijakubali. Akaniuliza, "Ulilazimishwa kuvaa? Na kucheka je, ulilazimishwa?" Akakata simu.

Nikaenda dawati la jinsia la chuo. Nilimkuta mama mmoja mpole, akanisikiliza bila kunikatisha. Akasema, "Mwanangu, ndoa ni hiari ya wawili. Kitenge hakiwezi kukubali kwa niaba yako. Sheria inataka ridhaa yako wewe, na baba yako hawezi kuitoa." Akaandika maelezo yangu. Akasema likizo ataniombea nibaki hosteli, na wakinilazimisha atawahusisha ustawi wa jamii na polisi wa wilayani. Usiku ule nililala vizuri.

Siku ya tatu baba akapiga. "Umekwenda kunishtaki ofisini?"

Nani kamwambia? Waliojua ni wawili tu, yule mama na rumeti wangu. Yule mama, nikikumbuka vizuri, lafudhi yake ni ya kwetu kabisa, na sikuwahi kumuuliza ametoka wapi. Rumeti naye ndiye aliyenipiga picha, tena ndiye aliyenihimiza nicheke. Labda nawaonea wote wawili, sijui. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe bado ninayo kwenye begi.

Mwezi uliopita shangazi akapiga analia. "Bibi yako yuko hoi, anakutaja wewe tu. Njoo akuage." Bibi ndiye aliyenilea. Nikaanza kupanga nguo huku nalia. Nikaomba wampe simu nimsikie hata akipumua. "Hawezi kuongea," shangazi akasema. Hapo hapo nyuma ya simu nikamsikia bibi mwenyewe anafukuza mbuzi kwenye maharage, anawatukana mmoja mmoja. Nilicheka na machozi bado yananitoka. Nikamwambia shangazi siji.

Hakugomba. Alisema tu, "Sawa, baki na masomo yako. Nyumba ile haitakosa mtu." Mimi mjinga nikafurahi, nikajua wamenikatia tamaa.

Juzi ikaingia picha kutoka simu ya shangazi. Ni mdogo wangu, amevaa gauni jipya la kitenge cha bluu, amesimama mbele ya stoo ya maharage, anacheka. Chini ameandika: "Dada ni mimi, natumia simu ya masenge. Na mimi kaniletea! Kimenikaa?"

Mdogo wangu hana simu. Chochote nitakachomwandikia, shangazi atakisoma kwanza. Nikimpigia mama, anapokea baba. Najua kumwozesha mwanafunzi wa sekondari ni kosa la jinai, ila lazima niripoti kwa mtu, na mtu ninayemjua ni yule mama wa dawati. Kama ni yeye anayevujisha, wataiharakisha ndoa kabla mdogo wangu hajafikiwa na yeyote wa kumsaidia. Nikienda mwenyewe, naogopa sitarudi. Chuo kinafungwa Ijumaa.

Nishaurini ndugu zangu, mkinitukana nitavumilia. Nimwamini nani? Na huyu mtoto nimjibu nini? Kwa sababu sijamjibu bado, na leo asubuhi ameniuliza tena kama kimemkaa.