Mashine ya Kunyolea ya Fundi Mkuu

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya mjini Ibra, huku Omani, Fundi Mkuu hakuniuliza jina. Alinipa tupa na kipande cha chuma, akaniambia nikibane kwenye jiliwa pale mezani, nikipige tupa mpaka kiwe mraba. Nilikuwa nacho hadi adhuhuri. Akakipima, akakitupa kwenye pipa.

"Pande tano zimekaa sawa, wa sita umelewa," akasema. "Anza tena."

Yeye mzaliwa wa Pemba, mimi wa Unguja. Karakana nzima tulisema Kiswahili. Kiarabu tulikuwa tukijifunzia sokoni. Kazi yetu ilikuwa pampu za mashamba. Yeye ndiye aliyenifundisha kerezo, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikwangua. Kazi mbaya aliitupa, nzuri aliipokea akanipa nyingine. Neno la sifa sikulisikia hata mara moja, nami ni mtu wa wasiwasi, nisiyejua kukaa kitako. Kila nilipomkabidhi kitu nilimchungulia usoni.

Kisha nikahamishiwa Sur kuchonga vyuma vya rafadha za maboti. Msimamizi wa huko alikuwa mwema kupita kiasi. Alisifu hata kazi mbovu, kwa hiyo sikumwamini.

Mwisho nikapelekwa Nizwa, kwenye mashine zinazoendeshwa na kompyuta. Mkurugenzi wetu alikuwa na kabati zima la mashine za kunyolea za zamani, zile za kichwa kinachobana wembe na mpini unaokazwa kwa hesi. Nyingi zilikuwa za madini laini yaliyopakwa nikeli, na zilipasuka pale pale kwenye hesi. Alitaka tuzifufue kwa chuma kisichoshika kutu, zichongwe kutoka pande moja zima. Umbo si kazi. Kazi ni pengo, ile nafasi ndogo baina ya makali na kizuizi chake. Likiwa pana, wembe hukata kwa ukali. Likiwa jembamba, hupita kwa upole.

Mhandisi aliyetusimamia alikuwa binti wa mji wa Mudhaibi, mzaliwa wa huku huku, ambaye Kiswahili alikipata kwa bibi yake. Fundi Mkuu naye alikuwa akiishi Mudhaibi kwa mwanawe, mzee sana sasa, anameza dawa za kuifanya damu isigande. Aliposikia habari ya kazi yetu akaniita, akanipa mashine yake aliyoinunua Unguja ujanani. Kichwa kilikuwa kimepasuka.

"Wananivisha, wananilisha, wananishika mkono kwenda chooni," akaniambia. "Uso wangu nanyoa mwenyewe. Nitengenezee."

Niliichonga kwa pengo jembamba kwa sababu ya ile damu yake. Niliipima nikaipima tena. Mhandisi akaichukua alipokwenda kwao mwisho wa wiki, ambao huku ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili nilikuwa mlangoni mwa karakana kabla hajashuka garini.

"Kasemaje?"

"Kaitumia, ami. Anasema hii mashine khafifu. Khafifu sana." Akatabasamu, akaingia ndani. Nilidhani ananihurumia.

Hafifu! Msomaji anajua kitu hafifu ni kitu gani: duni, cha kutupwa kwenye pipa. Sikuuliza mara ya pili. Nilirudi nyumbani. Kwa siku tatu nikachonga nyingine, nzito, yenye pengo pana. Nikasema moyoni, safari hii atajua mimi ni nani. Alhamisi nikampa Mhandisi aipeleke.

Ijumaa asubuhi mwanawe akanipigia simu. Mzee alijikata shingoni, damu ikakataa kusimama, wakamkimbiza hospitali.

Nikaendesha gari hadi Mudhaibi. Walikuwa wamesharudi. Mwanawe alinipokea kwa adabu. "Ami, daktari hakumkataza kunyoa, lakini nyembe zote tumeziondoa. Sisi tunaogopa."

Nikaingia chumbani. Fundi Mkuu alikuwa amekaa kitandani, bandeji shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani, hata ukaniletea jini lile?"

"Ulisema hafifu."

"Yule binti nilisema naye Kiarabu. Nilimwambia khafifa. Nyepesi. Imepita usoni sikuihisi. Miaka yote hii Omani, khafif huijui?"

"Naijua. Lakini neno likitoka kwako, nalisikia kwa Kiswahili."

Nililia, wala sioni haya kulisema. Mtu huyu alinisifu mara moja tu katika umri wangu wote, na ile sifa nikaigeuza tusi, kisha nikamjibu kwa wembe.

Mwezi ule ule nikastaafu. Mwanawe alikubali ile mashine ya kwanza irudi nyumbani, kwa sharti kwamba ninyoe mimi. Basi kila Ijumaa asubuhi natoka Nizwa kwa gari, nampaka povu, namnyoa mashavu na shingo. Yeye hufumba macho. Uso nimemnyoa ukawa laini, lakini si hicho alichoniomba.

Wenzangu wananiambia nipumzike. Nimejaribu, nikikaa, miguu yenyewe inatafuta mlango. Vijana mnaoingia kazi hii hujifunza kupima chuma mara tatu kabla ya kukata, na ni vyema. Neno la mtu pia lipimeni. Mimi nilikuwa na simu mfukoni, na swali moja lingetosha.

Ijumaa iliyopita, nilipomfuta povu, Fundi Mkuu akafumbua macho.

"Wiki ijayo njoo mapema," akasema. "Ukichelewa nitanyoa mwenyewe."

Mwanawe akacheka. Mimi nilikuwa nautazama mkono wa mzee juu ya goti. Ulikuwa umetulia kuliko wangu.

Kabla sijaondoka nilimwambia yule mwanawe kwamba mashine ile hata ningetaka kumkata nayo ingenipa taabu. Hakuiondoa kwenye beseni. Nimeiacha pale na wembe mpya ndani.

Ijumaa hii nimekusudia kuchelewa.